Manesi waambiwe kuhusu chanjo za wazee

Mhariri,

Mimi ni mkaazi wa Kisauni hapa Mombasa, nyanya yangu ana miaka 74 na ana sukari na presha. Mwezi wa saba ule wakati wa baridi alishikwa na kifua tukampeleka kliniki, nikamuuliza nesi kama kuna chanjo ya mafua ya wazee akaniambia chanjo ni za watoto, mzee mpe ndimu na asali. Alikuwa mpole na amechoka sana kwa hivyo sikumlaumu, lakini iliniuma maana kama yeye hajaambiwa sisi huku mtaani tutajulia wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wachanjwe mafua kila mwaka sababu virusi vyenyewe hubadilika, sindano ya mwaka jana haitoshi. Halafu kuna hii RSV, virusi vingine vinavyoshika kifua na mapafu, watu wengi wanaijua ya watoto wachanga tu na hapo Kilifi watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wameichunguza miaka mingi, lakini hata mzee mwenye ugonjwa wa moyo au pumu inamlaza kitandani na yaweza kugeuka nimonia. Marekani walipitisha chanjo yake ya kwanza ya watu wa miaka 60 kwenda juu mwezi Mei 2023.

Naomba kaunti iwape manesi na maafisa wa kliniki semina hata ya siku moja, wakiulizwa bei na mahali pa kupata wajue kujibu, kwa sababu nyanya akiambiwa na daktari anasikia, mimi mjukuu nikimwambia hataki kabisa.