Udi wa kupiga, si wa kufukiza

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Hujambo? Watoto hawajambo, shemeji hajambo? Sisi wazima, ila joto. Najua ushanisonya: miezi saba kimya, leo kaandika, ana shida huyo. Ndiyo, nina shida. Lakini ngoja nikupe habari mwenyewe, maana ukizisikia kwa Mwanakhamis zitakuwa zishatiwa nazi.

Nimeacha kazi ya hoteli. Barua nimepeleka tarehe mosi, nikarejesha sare na kile kibeji cha jina, nikatoka. Bi Mkubwa hajui. Kila asubuhi navaa, nachukua mkoba, napanda daladala kama kawaida, isipokuwa nashuka Darajani na kupotelea vichochoroni mpaka chumbani kwa Maalim, fundi wa vyombo vya taarab. Maalim yule yule, aliyekuwa akitufukuza tukichungulia dirishani mazoezi ya klabu ya taarab ya Culture pale Vuga. Leo namyeyushia nta.

Mambo yalianza Disemba. Hotelini waliletwa wapigaji watano, usiku wa wageni. Mie nimesimama mapokezi, nasikia akodioni ina sauti moja inalia bila kuguswa, kama mbuzi mwenye pumu. Wageni wanapiga makofi, hawana habari, na mie meno yananiuma. Wewe unanijua, sauti ya kuimba sikujaaliwa, mwenyewe ulinicheka kule harusini mpaka wanja ukakumwagika. Lakini sikio ninalo. Walipomaliza nikamfuata yule babu, nikamwambia chombo chako kinavuja, sauti ya tatu kutoka chini. Akanitazama, akaitazama na sare yangu, akasema, "Kama unajua, kitengeneze basi." Akaniachia! Mpaka leo sijui kama alikuwa akitania.

Nilikaa nacho siku tatu, mlango nimetia komeo. Nilipokifungua nikakuta mji wa mende. Wamekula gundi, wamekula ngozi, na vile vingozi vidogo vya kuziba hewa vilivyosalia vimejikunja kama majani ya chai. Ndimi zake, vile vibati vyembamba vinavyotetemeka hewa ikipita, zimeshika kutu. Hewa ya chumvi hii! Vingozi nikakata vipya kwenye ile pochi uliyoniletea (usinune, zipu ilishakufa). Ule ulimi mkorofi nikautia tupa. Kumbe ukiukwangua kwenye ncha sauti hupanda, ukiukwangua karibu na shina hushuka. Mie nilikwangua popote palipo na kutu. Ukakatika. Nililia, Rukia, kwa kibati kisichofika urefu wa kidole. Nikavifunga vipande kwenye leso nikaenda kwa Maalim.

Hakunigombeza. Akanimiminia chai, akateremsha kopo la maziwa ya unga, limejaa ndimi za maakodioni yaliyokwisha kufa, tukazitafuta mpaka tukapata wa kulingana. "Huu polepole," basi. Siku hizi macho yamemchoka, hata uzi kwenye tundu hauoni, nami ndiye namtungia.

Sasa hebu nisikilize, labda utaniona nimeingiwa. Seyyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani, tunajua. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi, tunajua. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, tunajua. Nani alikuwa akifunga nyuzi? Kanuni ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na upande mmoja daraja lake limekaa juu ya ngozi iliyowambwa. Masika ikiingia ngozi inalegea, daraja linazama, nyuzi zote 78 zinapotoka. Lazima palikuwa na mtu, kila mwaka, ameinama na ufunguo wake. Nilimuuliza Maalim alifundishwa na nani. Akasema na mjomba wake. Na mjomba? Akanyamaza, kisha akaniambia nimwangalizie nta isiungue.

Fedha, nakujua ndilo unalongoja kuuliza. Akodioni ile nimelipwa elfu arobaini, na katika hizo nimetoa ya nta na gundi. Mwezi huu nimepata udi mbili, vile vyombo vya nyuzi vya tumbo la duara, zilizobanduka uso, na fidla moja iliyokaliwa na mtoto. Mshahara wa hoteli haufikiwi, nisikudanganye. Na usiku mwengine nalala nawaza: hawa wa rusha roho, taarab ya kisasa, wote wanapiga vinanda vya umeme, mende wakila ni waya tu, mie nitabaki na nani? Asubuhi nasema wapo. Tangu kile chuo cha muziki kifunguliwe Mizingani 2002 wanafunzi hawakauki, na hakuna mkata nyuzi kama mwanafunzi. Februari tamasha la muziki la Busara likija, Maalim anasema hatutalala.

Lakini Bi Mkubwa. Jana kaniuliza mbona mikono inanuka nta, hotelini wameanza kuwasha mishumaa? Nikasema ndiyo, umeme. Ona uongo! Kaka naye keshaniona Mkunazini saa nne za asubuhi, ameficha siri kwa sharti nimlipie bando. Ningekuwa nimetaka kuimba angalau wangekuwa na la kugombana nalo. Fundi wa kanuni wa kike watamwambia nini, hata tusi lake halijatungwa.

Haya, shida yangu. Unakuja Idi, sivyo? Niletee nyuzi za kanuni seti nzima, na za udi seti mbili, zile za nyuzi kumi na moja. Hapa tunaziba pengo kwa mshipi wa kuvulia. Kwa siku mbili tatu unakwenda, kisha sauti inakuwa ya ngalawa. Na tafadhali, dukani sema udi wa kupiga, usije ukanibebea kilo ya udi wa kufukiza. Ingawa kidogo cha kufukiza pia sikatai.

Unafika tarehe ngapi? Unakuja na watoto au peke yako? Unaonaje, nimwambie Bi Mkubwa kabla hujaja, au nikungoje tumwambie wawili, wewe unazungumza mie nakata maandazi? Akikuuliza wewe ungefanya nini, utasema kweli? Na ile kazi yako ya benki, bado unaipenda au ulikuwa unajikaza tu kwenye simu?

Uzi niliokubandikia hapa chini kwa selotepu ndio unene wa nyuzi za juu za kanuni. Nenda nao dukani wakupimie, na kachumbari zako zisimwagikie juu yake.

Wako,
Zuwena