Mkanda wa WWE haukuanzia kwa Hulk Hogan

Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wenu wa michezo kuhusu mkanda wa ubingwa wa WWE, ile kampuni ya mieleka ya Marekani, na nimeumia. Mwandishi ameianzia hadithi yake Januari 23, 1984, usiku ambao Hulk Hogan alimpiga Iron Sheik ukumbini Madison Square Garden, New York, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu. Kuna miaka 21 nyuma yake, na kwangu mimi ndiyo yenye uhondo.

Mkanda huo ulizaliwa kwenye ugomvi. Januari 24, 1963, mjini Toronto, Lou Thesz alimvua Buddy Rogers ubingwa wa dunia wa NWA, ule umoja wa mapromota. Vincent J. McMahon na Toots Mondt, waliokuwa wameishika biashara ya mieleka New York na miji jirani, wakagoma. Wakadai kuwa pambano liliamuliwa kwa anguko moja, yaani kumshinda mpinzani mara moja tu, na ubingwa wa dunia unataka maanguko mawili kati ya matatu. Lakini Rogers ndiye aliyekuwa akiwajazia kumbi, na hawakuwa tayari kumpoteza. Wakaanzisha WWWF, ambayo leo ndiyo WWE, na Aprili wakamtangaza Rogers bingwa wa kwanza, eti ameshinda mashindano Rio de Janeiro. Mashindano hayo hayakufanyika, si Rio wala kwingineko.

Mei 17 mwaka huohuo Rogers akapanda ulingoni na Bruno Sammartino. Sekunde 48, mkanda ukamtoka.

Sammartino alizaliwa Pizzoferrato, kijiji cha milimani Italia. Wakati wa vita mama yake aliwaficha watoto mlimani wasiangukie mikononi mwa Wajerumani, na alipofika Pittsburgh mwaka 1950 kijana huyu alikuwa mifupa mitupu. Mtu huyo aliushika mkanda siku 2,803. Alipoangushwa na Ivan Koloff, Januari 18, 1971, Madison Square Garden ilikaa kimya kabisa, hata yeye mwenyewe akaja kusimulia kwamba alidhani masikio yake yameharibika. Watu walilia. Siku 21 baadaye Koloff akavuliwa na Pedro Morales wa Puerto Rico. New York ilikuwa na Waitaliano wengi na Wapuerto Rico wengi, na McMahon alijua tiketi zake zinanunuliwa na nani.

Mwandishi wenu anaona historia hii haina uzito kwa kuwa matokeo hupangwa. Ni kweli hupangwa, na hakuna mpenzi wa mieleka mwenye umri wangu asiyelijua hilo. Kinachopangwa ni nani ashinde. Ule ukimya wa mwaka 1971 haukupangwa na mtu. Wala promota hampi mkanda mtu ovyo ovyo, maana anamkabidhi riziki ya wote walio chini yake. Ukitaka kujua ukumbi ulikuwa ukimpenda nani, fuata mkanda.

Uongo nao uandikwe, ila kwa jina lake. Koloff alitangazwa kuwa Mrusi, kumbe ni Mkanada. Novemba 30, 1979, Antonio Inoki alimshinda Bob Backlund, bingwa wa wakati huo, huko Tokushima, Japani, mbele ya watu, lakini orodha rasmi ya kampuni haimtambui kuwa aliwahi kuwa bingwa. Mashindano ambayo hayakuwepo yanahesabiwa, na pambano lililokuwepo linafutwa!

Lililoniuma zaidi ni Kofi Kingston, bingwa wa mwaka 2019, kupewa mstari mmoja, tena wa kebehi, kwa kuwa Brock Lesnar alimwangusha kwa sekunde chache Oktoba 4, 2019. Rogers je, na zile sekunde 48? Na Backlund, aliyemalizwa na Diesel kwa sekunde 8 mwaka 1994? Kofi ni mzaliwa wa Ghana. Alipoanza kuonekana WWE mwaka 2008 alitambulishwa kuwa Mjamaika, na alisubiri miaka 11 hadi alipomshinda Daniel Bryan kwenye WrestleMania 35, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Aprili 8. Nilipoona wanawe wawili wanaingia ulingoni kumkumbatia, niliwaamsha wangu, waliokuwa wamepitiwa na usingizi kwenye kochi, nao wamwone Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kuushika mkanda ule. Aliushika siku 180. Hilo halikustahili hata sentensi mbili?

Naomba mlichapishe upya simulizi la mkanda huu, mkianzia 1963. Penye Rio semeni kwamba mashindano hayakuwepo. Jina la Inoki liwekeni pamoja na tarehe yake. Na penye Kofi andikeni Ghana.

Msomaji wenu,
Tanga