Bonsai si ya matajiri, mche wa mia na hamsini unatosha

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisomea hapa dukani nikingoja kastoma aje kuchukua suruali, na sijawahi kuwaandikia hata siku moja. Lakini ile stori yenu ya juzi ya bonsai, yenye picha ya mti mdogo kwa sahani ya bluu na bei ya Sh25,000 chini yake, imenisumbua mpaka nimeweka cherehani kando nikashika simu. Stori yenyewe ilikuwa tamu, sikatai, ila mtu akimaliza kuisoma anabaki akijua vitu viwili tu, kwamba bonsai ni ya watu wa Milimani wenye veranda kubwa, na kwamba hiyo miti ni aina spesheli isiyokua. Vyote viwili vimekosewa, na nasema hivyo kama mtu anayeishi na miti tisa kwa ngazi ya ploti huku Kaptembwa, Nakuru, floo ya pili.

Nianze na hiyo ya mti usiokua kwa sababu ndiyo inayoliza watu pesa. Hakuna mti unaoitwa bonsai. Hilo neno ni la Kijapani, maana yake kitu kilichopandwa kwa sinia, na Wajapani wenyewe ufundi waliupata China. Mti ni ule ule wa kila siku, ukiutoa kwa sinia ukaupeleka shamba utakua kama ndugu zake wote. Unakaa mdogo kwa sababu chombo ni kidogo, mizizi inapunguzwa na matawi yanakatwa kila wakati, basi, hakuna dawa wala uchawi. Hili nililijua kwa pesa yangu mwenyewe. Mwaka ule nilianza niliagiza mtandaoni pakiti ya "mbegu za bonsai" kwa Sh800, nikazipanda kwa mkebe wa Kimbo, nikamwagilia miezi miwili kila asubuhi, kukaota kimmea kimoja tu, nikakifurahia, nikakitoa juani nikakirudisha, kumbe ni mchicha. Mke wangu akaniuliza kama tukipike au tukiwekee waya wa kupinda matawi.

Sasa bei. Mti wangu unaopendwa na wageni wote nilinunua Sh150 kwa nasari ya kando ya barabara. Ni benjamina, ule mti wa majani madogo ya kung'aa watu hupanda kwa geti na kwa maofisi, hubaki na majani mwaka mzima. Nasari ukiingia kila mtu anakimbilia mche ulionyooka, mrefu, wa kijani, uko mbele umemwagiliwa vizuri. Wewe pita huko, nenda nyuma karibu na choo, pale penye magugu, utafute ile iliyosahaulika. Mimi nilikuta huu umelala kidogo upande, mfuko mweusi umepasuka, mizizi imetoboa ikaingia ardhini. Nikainama nikafukua udongo wa juu na kidole kama sentimita tatu hivi, na hapo ndipo nikaona kitu: shina lilikuwa jembamba kule juu lakini huku chini limenenepa kuliko kidole gumba changu, na mizizi inatoka pande tatu kama mguu wa kuku umekanyaga matope.

Nikamuuliza yule mama, "Mama, hii ni ngapi?"

Akaniangalia kwanza. "Hiyo? Hiyo si mzuri, kastoma yangu, imepinda na imekaa hapo miaka mingi. Chukua hii ingine nikupee mia mbili."

"Hapana mama, nataka hiyo hiyo mbaya."

"Haya lete mia na hamsini, na ukichimba usinivunjie ingine."

Mtu anayetaka bonsai ananunua shina, Mhariri. Majani yatakuja mengine, tawi litatoka lingine, lakini shina nene la chini linachukua miaka na huwezi kulishona likaongezeka. Kwa hivyo ule mti umekaa nasari mpaka mwenyewe anataka kuutupa tayari umekufanyia kazi ya miaka minne mitano bure, na unauzwa rahisi kuliko mche mchanga.

Miti mingine ya bei ya chini inayokubali hii kazi iko mingi huku Nakuru. Duranta ya fensi, ile ya majani ya manjano, ukiikata hata kwa mti mzee inachipuka (ila matunda yake yale ya rangi ya chungwa yana sumu, watoto wasiguse). Kayaba pia, ile fensi ya miiba, ni pole pole na itakuchoma lakini mti wake ni mgumu na unaonekana mzee haraka. Zeituni ya mwitu pia ni nzuri sana, nasari za miti ya kiasili huwa nazo. Jirani yangu mmoja alijaribu avokado, nikamwambia aache lakini hakusikia, sasa ako na kijiti cha futi moja chenye majani matano kila moja sawa na kiganja. Avokado, embe na lokwati majani hayakubali kupungua vya kutosha, mti unabaki kama mtoto amevaa kofia ya babake. Benjamina yanapungua ukiikata mara kwa mara na ukiiweka penye mwanga.

Kukata ndiko nilidhani nitakuwa hodari maana ndiyo kazi yangu, na ndiko niliharibu zaidi. Ile benjamina ilikuwa ya futi tatu, nikaishusha mpaka futi moja hivi, nikaacha matawi matatu ya chini. Sasa huu mti ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa, unanata, ukiingia kwa jicho utajuta, na mimi mjinga nilikata na mkasi wangu wa kitambaa. Utomvu ukakauka kwa meno. Kesho yake nikaingia kwa satini ya gauni la bibi harusi, mkasi ukashika katikati, kitambaa kikavutika, nyuzi zikatoka mstari mzima kutoka kiunoni mpaka chini, na harusi ilikuwa Jumamosi. Nililipa kitambaa kipya. Mkasi nikausugua na mafuta taa jioni nzima ndio ukafunguka, na tangu hapo miti ina mkasi wake na nguo zina wake. Kingine cha benjamina ambacho hakipatikani kwa kila mti, ukikata tawi ukaliacha bila jani hata moja mara nyingi linakauka mpaka kwa shina. Lazima uache kijani mbele, hata majani mawili, ndio lipate sababu ya kuishi.

Na usifanye kila kitu siku moja, hapo ndipo watu wanaua miti halafu wanasema mkono wao hauna baraka. Mimi niliua bogenvilia hivyo. Niliitoa kwa mfuko, nikaosha mizizi yote ikawa safi kama uzi, nikakata juu, nikafunga waya, nikapanda, yote kabla ya chai ya saa nne. Wiki tatu haikuwa hai. Bogenvilia hasa mizizi yake inavunjika ovyo na haipendi kusumbuliwa. Ile benjamina nayo niliipunguza juu peke yake, nikairudisha pembeni na mfuko wake ule ule, nikangoja ichipue mpaka nikaona kweli imeshika, halafu mvua ndefu zilipoanza ndio nikagusa mizizi. Ilikuwa imezunguka ndani ya mfuko kama kamba ya ndoo, nikaifungua na uma wa jikoni, nikakata ile inayozunguka na ule mmoja mnene wa kwenda chini, kama thuluthi hivi ya yote, nyembamba nikaziacha.

Udongo ndio mahali sisi watu wa Nakuru tumebarikiwa na hatujui. Ndugu yangu yuko Kisumu, kule benjamina inakua mbio kuliko huku kwetu kwa ajili ya joto, lakini akichota udongo mweusi wa Kano akaweka kwa chombo kifupi maji yanasimama na mizizi inaoza. Sisi tunakaa juu ya majivu ya volkano ya Menengai. Pale wanachimba msingi au choo, angalia yale mawe mepesi ya kijivu ambayo ukiyatupa kwa ndoo yanaelea. Hayo watu nchi zingine wananunua kwa pakiti! Mimi hujaza gunia moja kwa mjengo, nikaponda kidogo na nyundo, nikachekecha mara mbili, kwanza kwa waya ya kofitrei ile ya vibanda vya kuku ili makubwa yabaki, halafu kwa neti ya dirisha vumbi litoke. Ninayotaka ni yale ya kati ya punje ya mchele na punje ya hindi. Nachanganya sehemu mbili za hayo na moja ya mbolea iliyoiva. Jiwe lenyewe linashika maji kidogo ndani, ya ziada yanakimbia chini. Chombo changu cha kwanza kilikuwa beseni lililopasuka ukingo, nikalikata fupi nikatoboa chini na msumari wa moto matundu sita, nikafunika na kipande cha neti, na nikafunga mti na waya usicheze kwa sababu mti unaotikisika hauoti mizizi mipya vizuri.

Waya nao si wa kununua. Fundi wa stima akimaliza nyumba huwa anaacha vipande vya kebo, mpe ya chai atakupa, menya ile plastiki ubaki na shaba. Shaba ambayo haijachomwa ni ngumu itavunja tawi, kwa hivyo naiweka kwa jiko la makaa jioni mke wangu akimaliza kupika, inakuwa nyekundu, naitoa na koleo naacha ipoe, na hapo inakuwa laini kama kamba ya kiatu. Ukiizungusha kwa tawi na kulipinda inakuwa ngumu tena yenyewe, ndiyo unataka. Chagua waya wenye unene kama thuluthi ya tawi. Halafu uangalie kila wiki, maana benjamina inanenepa upesi na waya ikizama kwa ganda inaacha kovu la kuzunguka kama bangili, ninalo moja kwa tawi la kushoto na wageni wanadhani nilifanya makusudi.

Mti ukae nje, watu wa Milimani nisikieni, kuuweka juu ya kabati la tivii na pazia limefungwa ni kuunyonga. Maji usimwagilie kwa saa kama dawa ya hospitali, tia kidole, ukisikia pamekauka kidogo ndio umwage mpaka yatoke chini. Januari na Februari hapa upepo wa vumbi unaweza kutaka mara mbili kwa siku. Landlodi wangu tumegombana kuhusu hiyo maji kudondokea nguo za floo ya kwanza, siku hizi kila mti una trei yake chini.

Shosho wa floo hiyo hiyo ya kwanza alikuwa na neno lingine. Kuna mugumo, ule mti mtakatifu wa Wakikuyu, uliota kwa ufa wa ukuta wa tangi, ndege ndio walileta mbegu, nikautoa nikaupanda kwa mkebe. Akaniambia mugumo haufungwi kwa mkebe, chini yake ndipo wazee walikuwa wanaombea. Sikubishana, nilimpelekea mjukuu wake akaupanda kwao Njoro. Na bila kwenda mbali, kuna vijana nimewaona wakija na visiki vya zeituni na udongo wa msitu ungali mbichi, wanasema ni vya bonsai. Kuchimba msituni bila kibali ni kosa kwa sheria ya misitu ya 2016, na tena mti wa namna hiyo wengi hufa njiani kwa mizizi kukatwa vibaya. Nasari iko hapo na iko na miti ya mia mbili.

Kama mnataka picha ya mti mkubwa wa bonsai kweli, mngeweka ule msonobari uko Washington, walianza kuutunza Japani 1625, ulikuwa kwa bustani ya familia ya Yamaki huko Hiroshima bomu lilipoanguka 1945 na ukapona, wakaupa Marekani 1976. Familia hiyo waliutunza vizazi kadhaa, baba kwa mwana, wakimwaga maji. Mimi wangu nimeutunza miaka sita tu, na kwa familia yetu wa kwanza kumwaga maji ni mimi.

Ombi langu, Mhariri, muwaulize wenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru kama tunaweza kupewa meza moja ya miti isiyozidi Sh300 kununua, kila mtu alete na aandike alianza lini. Nitaleta wangu na beseni lake. Na mkitaka kupiga picha kabla ya hapo mje asubuhi, mchana kwa ngazi jua linakuwa kali, na landlodi anakuwa ameamka.

Fundi wa nguo,
Kaptembwa, Nakuru