Gramu 18 za maji si moli moja ya atomu

Mhariri,

Katika ukurasa wa elimu wa gazeti lako wiki iliyopita mlichapisha majibu ya maswali ya kemia ya kidato cha tatu, na katika jibu mojawapo wanafunzi walielezwa kuwa gramu 18 za maji zina atomu 6.02 × 10²³. Idadi hiyo ni ya molekuli. Kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, kwa hiyo atomu zilizomo ni mara tatu ya hizo, yaani karibu 1.81 × 10²⁴.

Kosa hili limezoeleka kwa sababu moli, yaani kipimo cha idadi ya chembe, hukaririshwa kama kanuni tu, gawa tungamo kwa tungamo la moli moja kisha zidisha kwa namba ya Avogadro (hiyo 6.02 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja), ilhali swali la kutangulia ni moja: tunahesabu nini? Chukua gramu 32 za gesi ya oksijeni. Anayegawa kwa 16 hupata moli 2, anayegawa kwa 32 hupata moli 1, na wote wako sahihi ilimradi wa kwanza aseme ni moli za atomu na wa pili aseme ni za molekuli. Chumvi ya mezani haina molekuli kabisa, gramu 58.5 zake zina moli moja ya ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na moli moja ya ioni za kloraidi.

Jibu jingine lilieleza moli kwa gramu 12 za kaboni-12. Fasili hiyo, iliyopitishwa mwaka 1971, iliachwa tarehe 20 Mei 2019, na tangu hapo moli ni idadi kamili ya 6.02214076 × 10²³, ingawa kwa hesabu za shule hakuna kinachobadilika.

Namba yenyewe haikuokotwa (na Avogadro, mwanasayansi wa Italia aliyetoa hoja yake kuhusu gesi mwaka 1811, hakuwahi kuijua). Ili kuipata kwa usahihi huo wataalamu walitumia, pamoja na njia nyingine, matufe ya silikoni ya takriban kilo moja, wakipima mpangilio wa atomu zake kwa eksirei. Mwanafunzi mwenye kikokotozi anaweza kuifuata njia hiyo. Mchemraba unaojirudia ndani ya fuwele ya silikoni una upande wa nanomita 0.543 na atomu 8, hivyo sentimita moja ya ujazo ina atomu karibu 5 × 10²². Moli moja ya silikoni, gramu 28.09, hujaza sentimita za ujazo 12.06. Akizidisha atapata takriban 6.03 × 10²³, na hiyo, kwa maoni yangu, inamfaa kuliko kukariri kanuni mara mia.

Naomba masahihisho yachapishwe katika ukurasa uleule, kwa kuwa wanafunzi wengi huukata na kuubandika madaftarini.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro