Kikanembu kiliandikwa kabla ya Wafaransa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu lugha za Chad imekitia Kikanembu katika fungu la lugha "zisizokuwa na maandishi" mpaka zilipoletewa alfabeti ya Kilatini. Hapo sikubaliani nanyi.

Kikanembu ni lugha ya watu wa Kanem, kandokando ya Ziwa Chad, na ni ndugu wa karibu wa Kikanuri cha Borno, kaskazini-mashariki mwa Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti A. D. H. Bivar alikuta kaskazini mwa Nigeria misahafu ya kale iliyotunzwa na wenyeji. Ukurasa una mistari michache ya Qur'ani kwa herufi nene, mstari na mstari ukiachana sana. Katikati na pembezoni pamejaa vijiandishi vidogo, vingine vimekwenda mshazari: hapa sherehe, yaani ufafanuzi, ya Kiarabu, pale maana ya neno kwa Kikanembu cha kale, khati ni ileile ya Kiarabu. Mmoja wa misahafu hiyo una tarehe inayoangukia mwaka 1669. Wafaransa waliitwaa Kanem zaidi ya miaka 200 baadaye!

Wala lugha ile haikubaki karatasini. Wanazuoni wa Borno wanayo hadi leo, kwa sura iliyobadilika, wakiiita Tarjumo. Mwalimu husoma aya, kisha huifasiri kwa Tarjumo. Mkanuri ambaye hakuisomea huambulia kidogo tu.

Najua hoja ya upande wa pili: Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi, na lugha hizi zina irabu nyingi zaidi. Ni kweli. Lakini Kilatini nacho hakikutosha, ndiyo maana Wakanuri wa Nigeria wakaongeza e iliyopinduliwa, ǝ. Sisi wa pwani tenzi za karne ya 18 tulizipokea kwa khati ya Kiarabu, na p na ch, sauti ambazo Kiarabu hakina herufi zake, hazikutushinda.

Chad ina lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiarabu, na watoto wengi wa Mao, mji mkuu wa Kanem, huanza na alifu katika chuo cha Qur'ani. Kwa nini basi anayeandika Kikanembu kwa herufi hizo ahesabiwe hajui kusoma?

Mkiirudia mada hii, chapisheni picha ya ukurasa mmoja wa misahafu ile. Chuo cha SOAS, London, kimehifadhi picha zake.

Msomaji wenu,
Mombasa