Gari lililorekebishwa kwa agizo la kiwanda lisipoteze daraja lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo linalotusumbua sisi wakaguzi wa kujitolea katika mashindano ya otokrosi, ambamo magari ya kawaida huzunguka koni, moja baada ya jingine, yakipimwa muda. Gari ambalo mtengenezaji ameagiza lirudishwe kurekebishwa lihesabiweje linapofika kwenye ukaguzi?

Madaraja ya chini ya mchezo huu, mfano lile la Street katika kanuni za Solo, yaani za otokrosi, za SCCA, klabu ya michezo ya magari ya Marekani, yanataka gari libaki jinsi lilivyotoka kiwandani, isipokuwa kwa mabadiliko machache yaliyoruhusiwa. Tatizo huanza pale kiwanda chenyewe kinapobadili kauli. Baada ya ajali za mwendo kasi huko Ujerumani, Audi iliagiza magari yake ya TT ya toleo la mwanzo yarudishwe, ikayafunga bawa la nyuma na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia utelezi, na sospensheni nayo ikabadilishwa. Ford iliagiza magari ya Mustang Cobra ya mwaka 1999 yarudishwe kwa kuwa hayakufikia nguvu za farasi 320 zilizotangazwa, na marekebisho yakagusa njia ya kuingizia hewa, kompyuta ya injini na ekzosi. Mwaka 2014 Porsche iliamua kubadilisha injini za magari yote 785 ya 911 GT3 ya toleo la mwaka huo, baada ya mawili kuungua kwa sababu ya boliti za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) kulegea.

Katika mchezo ambao mshindi hupatikana kwa sehemu ndogo ya sekunde, sospensheni au ekzosi tofauti inatosha kuzua pingamizi. Msimu uliopita dereva mmoja alinieleza waziwazi kwamba ameahirisha kupeleka gari lake kurekebishwa hadi mashindano yaishe, akihofia kuondolewa katika daraja lake, ilhali hitilafu yenyewe ilihusu usukani. Maneno yale bado yananikosesha raha, kwa sababu ni kanuni zetu zilizomfikisha hapo.

Napendekeza waandaaji waandike bayana kwamba marekebisho yaliyofanywa kwa agizo la mtengenezaji, kwa vipuri vyake, ndiyo hali halali ya gari hilo, na kwamba hati ya karakana yenye namba ya chasisi ni ushahidi wa kutosha. Agizo likihusu usukani, breki, magurudumu au mfumo wa mafuta, gari lisiruhusiwe kuanza kabla ya kurekebishwa, hata kama mwenyewe anaamini kwamba lilikwenda vizuri zaidi hapo awali. Kulihakiki si kazi kubwa, kwani Marekani, kwa mfano, mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, humwezesha yeyote kutafuta maagizo hayo bila malipo kwa namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17.

Na ikiwa marekebisho yameliongezea gari kasi, kamati ihamishie modeli nzima katika daraja jingine msimu mpya unapoanza, badala ya kumwadhibu dereva mmoja asubuhi ya mashindano.

Wako mtiifu,
Mkaguzi wa magari wa kujitolea