Barua kwa vijana wa kamati ya ndiva: mmehesabu milango, watu mmewaacha

Wanangu na wajukuu zangu wa kamati ya ndiva, bwawa letu la maji ya mashamba,

Naandika barua hii hadharani kwa sababu siku ya mkutano mlinipa dakika mbili za kusema, na moja iliishia katika kutafuta fimbo yangu. Nimeambiwa pia kwamba karatasi ikibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji hamuisomi, mnasoma kwenye simu. Haya, someni kwenye simu. Mjukuu wangu ndiye anayenichapia, na nimemkataza kupunguza makali.

Jumamosi ile mlipanda huku Upare kutoka Dar es Salaam na fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani MTU NI WATU. Sitaficha, nilifurahi. Ndiva yetu imenizidi umri. Bwawa lile la mawe na udongo lilichimbwa kwa majembe ya mkono, likawa linajaa usiku kutoka mferejini, asubuhi linazibuliwa, maji yanateremka mashambani kwa zamu. Leo limejaa tope na ukuta wa chini unavuja. Mkasema mtaikarabati ndiva hii kwa falsafa ya Kiafrika: kwa utu, au ubuntu kama wanavyouita Afrika Kusini, na kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Mmoja wenu alizungumza vizuri hadi nikatamani kupiga makofi kabla hajamaliza.

Kisha mkaanza kazi yenyewe. Haikupita nusu saa mkawa mmeshamaliza: kila kaya itoe shilingi 50,000, asiyelipa hadi mwisho wa mwezi anaondolewa kwenye zamu ya maji. Wanaokubali mikono juu. Mikono ikawa juu. Picha. Soda.

Sasa niwaambie niliyoyaona mimi wakati nyinyi mnapiga picha.

Mkutano mliuitisha juu kwenye tuta la ndiva, ili mandhari ionekane. Barabara inaishia dukani. Nilipokuwa nateremka nilimkuta pale dukani mama mmoja, nyote mnamjua, yule mwenye mguu uliopooza, amekaa juu ya kreti la soda. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi anasikiliza kipaza sauti chenu kwa mbali. Upepo ukigeuka hasikii. Akaniuliza, “Mwalimu, wamesema shilingi ngapi?” Hakuuliza wameamua nini. Aliuliza bei, kwa kuwa amezoea kwamba yeye huletewa bei tu.

Yule fundi wetu wa mawe asiyesikia naye alikuwapo. Alipanda mapema kuliko nyinyi. Alichukua kijiti akachora kwenye udongo ukuta wa ndiva, akachora na mahali pa kuzibulia, akawa anavuta watu mashati waje waone. Watu wakamcheka kidogo, wakampisha kidogo, na mpiga picha wenu alipotaka nafasi, mkasimama juu ya mchoro. Huenda alikuwa amekosea. Huenda mhandisi wenu anajua zaidi. Lakini kijiji kizima hakuna anayejua alichotaka kusema, na mdogo wake anayeelewa ishara zake alikuwa amesimama hapo hapo akigawa soda.

Wa tatu ndiye aliyenikosesha usingizi. Binti yule aliyeachika akarudi kwao na watoto wawili, analima kipande cha marehemu mama yake kule chini. Alisimama kuuliza kuhusu zamu. Katibu wenu, kijana msomi, kalamu mkononi, akamkatiza: “Wewe uko kaya ya nani?” Akajibu yuko kwa kaka yake. “Basi kaka atazungumza.” Kaka huyo yuko Tanga mwaka wa tatu sasa, na jembe hajalishika tangu alipoondoka. Binti akakaa. Khanga yake alikuwa ameifunga vizuri kama mtu aliyejiandaa kusema neno refu.

Wanangu, fulana zinasema mtu ni watu, daftari linahesabu kaya. Na kaya katika daftari hilo zimeandikwa kwa majina ya wanaume, wengine wamekufa, wengine wako Tanga. Nani aliwafundisha kuhesabu hivyo? Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Haukuwekwa kwa ajili ya wenye nyumba. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliposema baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, ilidai 3 kati yao wawe wanawake. Serikali, ambayo huwa tunailaumu kwa kila kitu hadi mvua, ilikuwa imewatangulia nyinyi wenye fulana.

Najua mtanijibu: Mwalimu, ndivyo ilivyokuwa jadi, kaya ndiyo iliyopeleka mtu kwenye msaragambo. Ni kweli. Mimi nimelisikia baragumu likipigwa jioni, na asubuhi yake kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Asiyekuja bila sababu walimfuata nyumbani, akatozwa kuku, na ukibisha wanabeba sufuria. Ila mwenye mimba hakuitwa kuchimba, mzee alikaa kivulini akiangalia watoto, na mgonjwa alihesabiwa kuwa amekuja. Watu walileta walichokuwa nacho. Hakuna aliyesema wote walete kipimo kimoja, maana hata vidole vya mkono mmoja havilingani. Hizo 50,000 zenu kwa mwenye gari ni mafuta ya siku moja mjini. Kwa mama wa dukani ni mahindi ya miezi.

Na jadi hiyo hiyo, kwa kuwa leo nimeamua kusema, haikuwa malaika. Ndiva zilikuwa za koo. Mgeni alisubiri maji kwa hisani. Wanawake walibeba mawe, lakini zamu iligawiwa na wanaume waliokaa. Mwalimu Nyerere, ambaye nyinyi mnapenda kumweka kwenye mabango, aliyasema haya mwaka 1967 alipoandika kuhusu ujamaa vijijini: kwamba maisha ya zamani yalikuwa na kasoro, na mojawapo ni jinsi wanawake walivyofanya kazi kupita sehemu yao huku wakiwekwa chini. Alisifu udugu wa zamani na akataja ufa wake kwa mkupuo mmoja. Nyinyi mmechukua sifa mkaacha ufa, kisha mnashangaa ukuta unavuja.

Wahenga husema penye wazee haliharibiki neno. Wanangu, mimi ni mzee na nimeshiriki kuharibu.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana mkoani Shinyanga. Novemba ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufika mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe ameshahamia. Nyerere yule yule aliyesema miaka michache nyuma kwamba hakuna awezaye kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa, sasa alikuwa na haraka. Na sisi vijana tulikuwa na haraka kuliko yeye. Nilipewa orodha na kalamu nyekundu. Lori linafika, mgambo wanashusha vyombo, paa linaezuliwa ili mtu asirudi, mimi natia alama ya vyema.

Tukafika kwa bibi mmoja. Alikuwa amekaa juu ya kinu chake uani, amekilalia kama mtu anayelinda mtoto. Hakutukana, hakulia. Aliuliza kwa Kisukuma, mgambo mmoja akatafsiri: “Huko mnakotupeleka, kisima kiko wapi?” Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyejua, kwa sababu kisima hakikuwapo bado. Kiongozi wetu akasema bibi anapinga umoja. Tukampakia juu ya lori pamoja na kinu, nami nikatia vyema mbele ya jina lake. Jina lenyewe lilikuwa la mume wake, aliyezikwa nyuma ya nyumba ile.

Usiku ule nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nililala vizuri kwa sababu nilikuwa na maneno mazuri kifuani: ujamaa, undugu, maendeleo. Niliyaamini. Bado nayaamini. Lakini nilipomsikia katibu wenu akiuliza “uko kaya ya nani”, nilihisi ile kalamu nyekundu mkononi mwangu.

Nyinyi mnapenda kutaja ubuntu wa Afrika Kusini. Vizuri, tajeni, lakini tajeni yote. Katiba yao ya mpito ya mwaka 1993 ilimalizia kwa kusema nchi ile inahitaji ubuntu, na wala si uonevu. Mwaka 1995 Mahakama yao ya Katiba ilifuta adhabu ya kifo, na majaji wakalitumia neno hilo. Kesi iliyofika mbele yao ilikuwa ya watu wawili waliopatikana na hatia ya mauaji. Hapo ndipo neno lilipopimwa, kwa mtu ambaye hakuna aliyemtaka karibu. Halafu Mei 2008, katika nchi hiyo hiyo, wageni kutoka Msumbiji, Zimbabwe na kwingineko walifukuzwa mitaani, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Neno lilikuwa bado limo vitabuni.

Tusiwanyooshee kidole. Hapa kwetu Tanzania, tunaoitana ndugu hata na tusiowajua, miaka ya 2007 hadi 2009 watu wenye ualbino walikatwa viungo na kuuawa, na mara nyingine mlango ulifunguliwa na mtu wa nyumbani. Vijiji vile navyo vilikuwa na vyama vya kuzikana. Vilikuwa na michango ya harusi. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, awe mbunge wao, na nadhani siku ile ya kupiga kura ilifundisha utu kuliko semina nyingi nilizohudhuria nikilipwa posho. Ndiyo, nililipwa posho. Nimesema nitasema yote.

Mnasikia nakasirika, lakini sitaki muache. Nani mwingine anapanda mlima huu kwa nauli yake siku hizi? Watoto wa wenzenu wakifika mjini, kijiji wanakikumbuka kwenye msiba tu, na rambirambi wanatuma kwa simu. Nyinyi mmekuja na saruji. Mlipoteremka, mmoja wenu, sitamtaja asije akachekwa, alinishika mkono kwenye utelezi mpaka barabarani, akanisimulia habari za marehemu babu yake ambaye mimi nilimfundisha darasa la tatu. Mikono kama hiyo ndiyo inayojenga ndiva. Ndiyo maana nimehangaika kuandika badala ya kunung'unika na wazee wenzangu.

Kuna mengine, nayataja tu. Hesabu za fedha zisomwe mkutanoni kwa sauti. Jirani zetu Kenya walikuwa na harambee tangu Jomo Kenyatta alipoitangaza mwaka 1963, ikajenga shule nyingi, kisha wanasiasa wakaigeuza jukwaa la kurushia noti. Wafugaji wa kule tambarare wanaokunywesha mifugo chini ya mfereji waulizwe pia, si watu wa ukoo wetu lakini maji yetu yanapita kwao. Kipare kitumike mkutanoni, kina bibi Kiswahili chenu cha makongamano hakiwafikii. Watoto wa shule wasitolewe darasani kubeba mawe. Na bango lipunguzwe ukubwa, linazuia upepo.

Kuhusu kupiga kura kwa mikono: mikono juu ni njia ya haraka ya kujua nani anaogopa nani. Wazee wetu walikaa hata siku tatu wakizungusha neno moja. Ilichosha. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilisinzia. Lakini anayepinga alisemeshwa mpaka akaeleza sababu, na mara nyingi sababu ilikuwa na chembe ambayo wengine hawakuiona. Mliokuwa mnawahi basi la saa nane semeni tu kwamba mlikuwa mnawahi basi. Msiseme kijiji kimekubaliana.

Ninachowaomba ni hiki. Mkutano urudiwe, chini, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, mahali ambapo mama yule anaweza kufika kwa magongo yake. Daftari la kaya liachwe mezani, aandikwe kila mtu mzima kwa jina lake, na mbele ya jina iandikwe anachoweza kuleta: fedha, siku za kazi, mawe, kupika, kulinda saruji usiku. Mdogo wake fundi asigawe soda, akae karibu na kaka yake atafsiri. Na yule binti awe wa kwanza kupewa nafasi, kabla ya mwenyekiti, kabla yangu. Zamu ya maji ya kipande cha mama yake iandikwe kwa jina lake.

Mimi nitakuja. Dakika zangu mbili mgawieni huyo binti.

Mchango wangu wa 50,000 uko tayari, nimeufunga kwenye kitambaa nikauweka chini ya mto. Utakaa hapo mpaka mkutano urudiwe. Mkiwa tayari, nyumbani kwangu mnapajua.

Mimi babu yenu,
Mwalimu mstaafu